Mstaarabu ni yule anayekusitiri

Februari 2023 seneta mmoja wa Kenya, Gloria Orwoba, aliingia kwenye kikao cha Seneti pale Nairobi amevaa suti nyeupe na suruali ina doa jekundu. Mwenyewe alieleza baadae kwamba alishaliona hilo doa kabla hajaingia na akaamua aingie hivyohivyo, maana alikuwa anapigania wasichana wapate pedi na hedhi isiwe jambo la kuonewa aibu. Ndani ya ukumbi ikawa minong'ono, ikaulizwa kama kuvaa vile kunaruhusiwa, mwisho Spika Amason Kingi akamwambia akabadilishe ndio arudi. Mjadala uliofuata mitandaoni ulikuwa mrefu na karibu wote ulizunguka neno moja tu, heshima. Waliomlaumu walisema amekosa heshima, waliomtetea walisema waliomtoa ndio hawana heshima, na kila upande ulikuwa na uhakika kabisa na unachosema.

Kilichobaki kichwani kwangu ni swali, hivi hilo neno tunalitumia kupimia nini hasa? Maana ukisikiliza watu wetu wanavyoongea, mtu mstaarabu ni yule anayesalimia, hatukani, anavaa vizuri, anasema naomba na samahani na asante. Yote mazuri, mimi nimelelewa hivyo na ndivyo ninavyolea. Lakini nikiangalia maisha tunayoishi naona kipimo hicho kinapitisha watu wengi ambao ustaarabu hawana hata chembe, na kinawaangusha wengine ambao ndio wenyewe. Kipimo ninachokiamini mimi kinaanzia pale mtu anapopata kitu kinachoweza kukuaibisha. Anakifunika au anakianika?

Huku kwetu Tanzania mwanamke akichafuka nguo njiani kuna utaratibu ambao haujaandikwa popote. Mwanamke mwingine, mara nyingi hata hamjuani, atakusogelea karibu aseme dada hebu njoo mara moja, halafu kanga iliyokuwa kwenye mkoba inatoka unafungwa kiunoni palepale huku anaongea habari nyingine kabisa, mbona jua kali hivi leo, eti hii gari inafika Mbagala au inaishia njiani. Hatamki doa, hatamki damu. Akimaliza anakwambia kanga utanirudishia siku nyingine na wote wawili mnajua hamtaonana tena. Msibani ndio zaidi, kuna wamama wanaenda na kanga ya ziada makusudi kwasababu wanajua mfiwa akilia akaanguka nguo zitampanda, wao wanakaa karibu nae kazi yao ni hiyo tu, kumfunika, na hakuna anayewatangaza wala kuwashukuru kwenye maiki. Na mama huyohuyo unaweza kumkuta sokoni ana mdomo ambao ukimsikiliza dakika mbili utasema huyu hajafundwa. Kwa kipimo cha maneno ameshafeli. Kwa kipimo changu hakuna mstaarabu kumshinda.

Watu wa dini wanalijua hili vizuri kuliko tunavyolihubiri. Waislamu wana hadithi maarufu kwamba anayemsitiri mwenzake Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Kwenye Biblia, Mwanzo sura ya 9, Nuhu kalewa kalala uchi hemani kwake, mtoto wake Hamu anamuona anaenda kuwaambia ndugu zake nje, na wale wawili, Shemu na Yafethi, wanachukua nguo wanaiweka mabegani wanatembea kinyumenyume wakamfunike baba yao bila kumtazama. Angalia vizuri pale, Nuhu mwenyewe ndio kakosea, kalewa, hakuna anayesema hajalewa. Lakini hadithi inahesabu kosa la aliyetoka kwenda kusimulia. Tuna simu mkononi sasa hivi na hadithi hiyo imetuhusu kuliko ilivyowahi kuwahusu babu zetu.

Sasa njoo kwenye lugha. Kiswahili kina maneno mengi sana ambayo kazi yake ni ileile ya kanga. Mtu hatusemi ana mimba mbele yake, tunasema mjamzito au mama kijacho, hazai bali anajifungua, mgonjwa anajisaidia, binti yupo kwenye siku zake, mgeni akiuliza choo ataambiwa maliwato ni kule. Vijana wengine wanaona huo ni unafiki, kwamba tunaogopa kuita vitu kwa majina yake. Mi nakataa. Daktari akikaa na mgonjwa wake ataita kila kitu kwa jina na hakuna atakayemuona hana adabu, kwasababu pale jina linamsaidia mgonjwa. Maneno ya staha yanatoka pale ambapo kuna masikio ya ziada, yaani mtu anayezungumziwa yupo au ndugu zake wapo, na wewe unachagua neno kwa ajili yake. Hujifichi wewe, unamfunika yeye. Ndio maana neno linaweza kuwa safi jana leo likawa chafu bila herufi kubadilika, inategemea limeanza kumfanyia nini anayeitwa nalo. Zeruzeru lilikuwa neno la kawaida vijijini, leo tunasema mtu mwenye ualbino, na sababu sio kwamba wasomi wamependa maneno marefu, sababu ni kwamba lile la zamani limetembea pamoja na watu waliokuwa wanawindwa na kukatwa viungo, halisemeki tena kama vile halina historia. Hivyohivyo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mtaani walishaitwa wamekanyaga miwaya, wana ngoma, wameungua, na kila mtu anajua kuna watu wamehama kliniki ya karibu na kwao wakawa wanapanda magari mawili kufuata dawa wilaya nyingine, kisa tu yule anayekaa pale mapokezi ni jirani na mdomo wake unafahamika.

Hapo kwenye mapokezi niseme kidogo. Hospitali zetu nyingi kuna dirisha, na nyuma yako kuna watu kumi wamebanana kwenye foleni, na anayeandikisha anakuuliza kwa sauti unaumwa nini, una ujauzito wa miezi mingapi, mume yuko wapi, umeshawahi kutoa? Anaweza kuwa amekuita mama, amekwambia karibu, amesema na pole juu. Lakini ameshakuvua nguo mbele za watu. Mstari mmoja tu wa rangi sakafuni, kwamba anayefuata asimame hapa, ungefanya kazi kubwa kuliko semina kumi za huduma bora kwa mteja.

Jambo ambalo kwenye lugha yetu linaonyesha sitara kuliko yote kwa maoni yangu ni namna tunavyopeleka habari ya kifo. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayepiga simu kumwambia mtoto aliye Mwanza kwamba baba yako amekufa Tanga. Anaambiwa baba anaumwa sana, njoo. Halafu kwa pembeni anapigiwa simu rafiki yake au bosi wake kazini, anaambiwa ukweli, anaombwa amsindikize mpaka stendi na asimwache peke yake. Akikaribia nyumbani anapokelewa kabla hajaona watu wamekaa kwenye viti vya kukodi. Mtu mzima mwenye sauti ndio anaongea, na hata yeye hasemi amekufa, anasema mzee hatunae. Kuna uongo kidogo ndani yake, sikatai, na wapo wanaosema bora ukweli mara moja. Ila ukifikiria kwamba mtu angeupokea ukweli huo akiwa kwenye basi katikati ya wageni na amebakiza masaa nane ya safari utaelewa wazee walikuwa wanafikiria nini.

Sasa hivi huyo mtoto wa Mwanza anajua kifo cha baba yake kupitia grupu la WhatsApp. Kabla mwili haujafika mochwari kuna mtu ameshaposti picha ya marehemu na mshumaa, na wa kwanza kuposti anajiona ndio mwenye uchungu zaidi. Ajali ndio usiseme. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilianguka Msamvu Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka, na waliofariki walifika zaidi ya 100. Picha za watu wameungua, wengine bado wanatembea, zilizunguka nchi nzima siku ileile. Na chini ya picha kulikuwa na maneno mengi ya kuwasuta, kwamba nani aliwatuma wakachote mafuta ya wizi. Wengi wa walioandika vile wangekukuta barabarani wangekuamkia vizuri tu.

Ndio maana huwa sifurahi sana tunapojisifu Bongo kwamba sisi ndio wenye lugha ya adabu. Kila mtu ameshasikia ile kwamba Mtanzania hotelini anasema naomba chai, Mkenya anasema lete chai, basi watu wanacheka na kesi imefungwa, sisi wastaarabu wale hapana. Ukweli ni kwamba hiyo ni tofauti ya mazoea, mtu wa Nairobi anayesema nipe hana dharau yoyote na anayehudumia hajasikia dharau yoyote. Alafu mpangishaji wa Sinza anaweza kusema naomba kodi yangu mpendwa, kwa sauti laini kabisa, akiwa amesimama mlangoni wapangaji wote wametoka nje wanasikiliza. Naomba yake haijamsaidia mtu.

Ila Nairobi nayo ina somo lake zito. Novemba 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume, kwenye vituo vya matatu, na sababu iliyotolewa na waliofanya vile ilikuwa ni heshima, eti mwanamke kavaa nguo fupi anapotosha jamii. Watu walirekodi. Baada ya hapo wanawake wakaandamana mjini kudai haki ya kuvaa wanachotaka, na mwaka huohuo sheria ya adhabu ya Kenya ikaongezwa kifungu, 251A, kwamba anayemvua mtu nguo kwa nguvu afungwe sio chini ya miaka kumi. Nikiwaza tukio lile huwa najiuliza kitu kimoja tu: katika umati wote ule uliokuwa na uchungu na maadili, tuseme kweli waliamini nguo ile ni fupi na inawakera, kanga ilikuwa wapi? Mtu anayeumizwa na uchi wa mwenzake anatafuta nguo ya kumfunika. Anayemvua zaidi anatafuta kitu kingine, na kukiita heshima ni kutumia neno la watu vibaya.

Na hapa tunafika kwenye sehemu ngumu, kwasababu neno adabu limeshikwa sana na wenye nguvu. Mtoto akihoji hana adabu, mfanyakazi wa ndani akidai mshahara wake wa miezi mitatu hana shukrani na hana adabu, kijana akimuuliza mbunge maji yako wapi hana adabu. Ukiangalia ni nani anaambiwa hana adabu utaona karibu siku zote aliye chini ndio anaambiwa, aliye juu kwake inaitwa ukali, au msimamo. Mimi sijawahi kusikia bosi anaambiwa hana adabu kwa kumfokea mlinzi getini mbele ya wageni.

Tuchukue Uganda. Wakati wa kampeni za uchaguzi wa 2016 Rais Museveni aliahidi pedi za bure kwa wasichana wa shule. Mapema 2017 Waziri wa Elimu, ambaye ni mke wake Janet Museveni, akaliambia bunge hela ya pedi haipo. Mwanazuoni wa Makerere, Stella Nyanzi, akaanza kuchangisha pedi na kuandika mitandaoni kwa lugha kali ya matusi ya mwili, akamfananisha rais na matako, Aprili 2017 akakamatwa. Baadae likaja shairi lililomtaja mama mzazi wa rais kwa namna ambayo nisingeweza kuisoma mbele ya mama yangu, na Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18 jela kwa unyanyasaji wa mtandaoni, Februari 2020 Mahakama Kuu ikafuta hukumu akatoka.

Sipendi lugha ile na nasema wazi, hasa pale ilipomgusa mama wa mtu ambaye hakuwa na kosa. Lakini kesi ile iliweka mizani hadharani na hatuwezi kujifanya hatukuiona. Upande mmoja kuna neno chafu kwa mtu ambaye ana jeshi, ana polisi, ana ikulu, hakuna kilichompungukia. Upande wa pili kuna binti wa miaka 13 amekaa darasani na kitambaa cha godoro, anasubiri wenzake wote watoke ndio anyanyuke. Nchi nzima ilijadili neno, na yule binti, ambaye ndio hasa alikuwa anahitaji kufunikwa, akageuka kuwa kisingizio cha mjadala. Na sisi Tanzania tusicheke, maana bajeti ya 2018 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, bei madukani haikushuka kama ilivyotarajiwa, mwaka uliofuata kodi ikarudishwa, na mjadala wetu ulikuwa wa lugha nzuri kabisa, taulo za kike, watoto wetu wa kike, mheshimiwa Spika naomba kuchangia. Lugha safi toka mwanzo hadi mwisho, na binti bado hana pedi.

Huyo mheshimiwa naye amekuja juzi tu. Enzi za Mwalimu na miaka mingi baada ya Azimio la Arusha la 1967 kiongozi na mwananchi wote walikuwa ndugu, Ndugu Waziri, Ndugu Mwenyekiti, Ndugu karani. Sisemi ile ilifuta matabaka, haikufuta. Lakini heshima ilikuwa inagawanywa kwa wote kwa neno hilohilo, leo imepanda juu ikakaa huko. Wakati Katiba yetu ya 1977 ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Kila mtu, yaani na yule anayefagia barabara ya Mandela saa kumi alfajiri.

Najua kuna mtu anasoma hapa anajiandaa kuniuliza, sasa hii sitara yako si ndio iliyotumaliza? Si ndio hiyo inayofanya mwanamke apigwe miaka kumi akaambiwa mambo ya ndani hayatoki nje, si ndio hiyo inayofanya baba mdogo aliyembaka mtoto amalizane na familia kwa ng'ombe wawili ili ukoo usichafuke? Swali la haki na nimelifikiria sana. Lugha yetu yenyewe haijakaa kimya kwenye hili, wazee walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, walisema pia mficha uchi hazai, maana yake walijua kuna kufunika kunakoua. Mimi naangalia kitu kimoja, kanga imemwangukia nani. Ikiwa imemfunika aliyeumizwa ili asitazamwe na asizungumzwe, ile ni sitara. Ikiwa imemfunika aliyeumiza ili aendelee, pale hakuna sitara yoyote, kuna watu wameshirikiana kwenye uovu na wanatumia jina la familia kama pazia. Na inawezekana kufanya yote kwa pamoja, kumpeleka mbakaji polisi mchana kweupe na jina la mtoto lisitajwe popote, wala picha ya nyumba yao isionyeshwe, wala majirani wasiambiwe ni mtoto yupi kati ya wanne. Vyombo vyetu vya habari mara nyingi vinafanya kinyume, mtuhumiwa mwenye cheo anafichwa jina, mama wa mtoto anawekwa mbele ya kamera analia na mtaa wao unatajwa.

Kamera hiyohiyo ndio imeingia kwenye misaada. Unga kilo tano, mafuta lita moja, na bibi wa miaka themanini amesimamishwa katikati ya watu wanne waliovaa tisheti za kufanana, anaambiwa bibi tabasamu. Mwezi wa Ramadhani ndio inazidi, na wakati dini zote mbili kubwa hapa zimefundisha kutoa kwa siri. Nawaelewa wanaosema wafadhili wanataka ushahidi. Basi pigeni picha magunia, pigeni picha risiti, hata mikono tu inatosha. Yule bibi ana wajukuu shuleni na ile picha itawafikia.

Lakini kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ambapo ustaarabu wetu unavunjika leo, ningesema kwenye madeni. Watu wengi wamekopa, karibu kila nyumba ina mtu anadaiwa, na kwetu kudaiwa kulikuwa na lugha yake. Mangi wa dukani ana daftari na mtaa mzima umo humo ndani. Akikukuta umesimama na wageni hakwambii unadaiwa, anakwambia jirani lile jambo letu vipi, au anakusalimia tu kwa kurefusha kidogo na wewe unaelewa, unasema mwisho wa mwezi Mangi, anasema haina shida. Mgeni wako hajaelewa chochote. Mangi hajasamehe hata shilingi kumi, hela yake anaitaka na ataipata, ila amekuachia uso wako ili kesho urudi dukani kwake kununua tena. Hiyo pia ni biashara, simfanyi malaika. Mtu uliyemuumbua hakulipi, anahama mtaa.

Halafu ikaja mikopo ya kwenye simu, ile watu wanaita kausha damu. Unapakua aplikesheni, inaomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizonazo kwenye simu, wewe una shida ya laki moja mtoto anaumwa unabonyeza kubali. Ukichelewa siku mbili meseji zinaanza kwenda kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa bosi, kwa fundi bomba uliyemhifadhi mwaka juzi, kwamba fulani ni tapeli, kakopa na kukimbia, na kwamba anayesoma meseji hiyo ameandikwa mdhamini wake. Wakati mwingine na picha yako imewekwa. Deni ni laki moja lakini kilichochukuliwa hakihesabiki, kuna watu wameacha kwenda kanisani, kuna ndoa zimetikisika kwasababu mume alijulia deni la mkewe kwenye simu ya kaka yake. Niliwahi kupokea meseji ya namna hiyo kuhusu mtu ninayemheshimu sana, mtu mzima, na nilichoona kigumu ni kwamba nikikutana nae tena yeye hajui kama mimi najua, na mimi natakiwa nimwangalie usoni kama zamani.

Serikali zimeanza kushtuka. Kenya kupitia Benki Kuu yao ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022, zinazokataza vitisho, lugha ya matusi na kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Hapa kwetu Benki Kuu ilitoa orodha Novemba 2024 ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni ikawaonya wananchi wasizitumie. Vizuri, ila aplikesheni ikifungwa leo kesho inakuja na jina lingine na rangi nyingine, na inaendelea kufanya kazi kwasababu sisi wapokeaji tunaifanyia kazi. Yule mkopeshaji hajui mtaa wako wala grupu la ukoo wenu. Anatuma meseji thelathini na anategemea kwamba angalau watatu kati ya hao watapiga skrinshoti na kuirusha mbele na kuuliza, jamani mmeona hii ya fulani? Hapo ndio aibu inapotengenezwa.

Kwahiyo ikikufikia, ifanyie hivi. Usiijibu na usiifowadi kokote, hata kwa mkeo kama sio ndugu yake. Mpigie mwenyewe umwambie nimepata meseji inakutaja na nimeikalia mimi, usimuulize anadaiwa kiasi gani wala alikopea nini. Halafu itunze, usiifute. Sheria yetu Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na kuna Tume inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumika bila idhini, na malalamiko hayo yanahitaji ushahidi ambao mara nyingi mdaiwa hana kwasababu meseji hazikuja kwake, zilikuja kwetu. Mtumie kwake yeye peke yake, namba iliyotuma, tarehe, saa na maneno yenyewe yalivyo, na mwambie kama ataamua kwenda utakubali kuandikwa kama mmoja wa waliotumiwa.